Kadi Iliyoachwa

Chumba cha Magazeti
3 Februari

Fundi wangu,

Nimepewa kitenzi changu. Wenzangu wamepewa vitenzi vyenye heshima: mmoja amepata "jenga", mwingine "safiri", na yule anayependa kusinzia amepata "lala", ofisi nzima ikaangua kicheko. Mimi Mhariri aliniita mezani kwake, akafuta miwani, akasema, "Wewe chukua 'acha'. Nukta." Unajua kila anachosema hukimaliza kwa nukta, ndiyo maana tunamwita hivyo. Hajui. Anadhani tunacheka kwa sababu kazi inatufurahisha.

Nitakueleza tena kazi yenyewe, maana mambo yangu huingilia sikio lako hili yakatokea lile. Kamusi mpya inataka ushahidi. Hatuulizwi neno lina maana gani. Tunaulizwa watu walilitumiaje. Kwa hiyo nafungua magazeti na majarida ya zamani, yale yaliyoshonwa pamoja kwa majalada magumu, nasoma kwa kidole, na kila ninapokutana na "acha" nanakili sentensi nzima kwenye kadi: gazeti gani, siku gani, ukurasa gani. Vumbi lake ni la kahawia na linaganda kwenye mikunjo ya vidole. Shangazi hataki nishike kitasa cha mlango wake kabla sijanawa.

Nilidhani "acha" ni kitenzi maskini. Kumbe kiko kila mahali. Tanzia zote zinacho: marehemu ameacha mjane na watoto. Matangazo ya biashara yanacho: "Usiache kujaribu sabuni yetu!" Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu, maana leo tungesema usikose. Na zamani waliandika "wacha", kama Shangazi anavyosema hadi leo akinikemea. Kisha kuna matangazo madogo ya ukurasa wa nyuma, waume wanautangazia umma kwamba wamewaacha wake zao. Hakuna tangazo la mke. Nimetafuta.

Lakini anayenipendeza zaidi ni msomaji mmoja wa jarida la zamani aliyekuwa akiandika barua kwa mhariri na kujiita Mpweke wa Stesheni. Sikia hii: "Kuna vitu mtu huviacha, na kuna vitu mtu huviachia, na anayejua tofauti yake amekwisha kuzeeka." Nani anaandika hivi siku hizi?

Shangazi anauliza kila siku lini achapishe kadi za mwaliko. Mchapaji anataka jibu kabla Aprili haijaisha, la sivyo Juni itatukuta mikono mitupu. Nimemwambia asubiri nikuulize wewe. Akasema, "Mwanamume aliye darajani anaulizwa nini zaidi ya daraja?"

Niandikie ndefu.

Wako,
Kadi


Kambi ya Daraja
17 Februari

Kadi wangu,

Lori la chakula limeleta barua yako na magunia ya unga, na barua ndiyo iliyowahiwa kwanza. Nimewasomea wenzangu vipande vya magazeti. Wamelipenda tangazo la sabuni. Sasa hapa mtu haitwi kula, anaambiwa "Usiache kujaribu maharage yetu!"

Hicho kitenzi chako karibu kituulie mtu. Jumanne tulikuwa tunateremsha nondo kwa kamba na winchi, Mhandisi akapiga kelele, "Acha!" Nusu ya watu wakaacha kuvuta. Nusu wakaiachia kamba. Nondo zikaenda mtoni, na Mhandisi akaenda kukaa peke yake nyuma ya stoo. Tangu siku hiyo amri ni "simama", na ole wake atakayetamka neno lako karibu na winchi. Mwambie Nukta hilo nalo ni ushahidi.

Nguzo ya tatu imesimama. Ukiitazama asubuhi utadhani imeota.

Yule Mchora Ramani niliyekueleza, aliyekuwa akipima kingo za mto, kazi yake imekwisha na amerudi Ofisi ya Upimaji. Nilimsindikiza hadi kivukoni nikimsaidia masanduku ya vyombo vyake. Tuliachana pale pantoni ilipong'oa nanga, nikarudi kwa miguu. Kambi imepoa kidogo, maana yeye ndiye aliyekuwa akituchekesha.

Kuhusu kadi za mwaliko, majina ya watu wa kambini nitamwandikia Shangazi mwenyewe. Mwambie achapishe wakati wowote. Mimi nilikwisha kusema ndiyo, au kuna ndiyo nyingine inayotakiwa?

Huyo Mpweke wa Stesheni ni nani hasa?

Wako,
Fundi


Nyumbani kwa Shangazi
26 Februari

Fundi,

Umeandika "tuliachana".

Nimeisoma mara moja jikoni, mara ya pili kitandani, kisha nikaenda nayo kazini nikaiweka mezani kama ninavyoweka gazeti. Nitakueleza kwa upole, maana wewe si mtu wa vitenzi. "Nilimwacha" ni kazi ya mtu mmoja. "Niliachwa" ni maumivu ya mtu mmoja. "Tuliachana" inataka wawili, na kila mmoja awe ameshika upande wake. Hicho kijisehemu "-an-" hakikai bure. Watu wanaopigana kila mmoja anapiga. Watu wanaopendana, sihitaji kukueleza. Na wanaoachana, Fundi, sharti kwanza wawe wameshikana.

Ungeweza kuandika "nilimwacha kivukoni", kama mtu anavyoacha mwavuli. Ungeweza kuandika "tuliagana". Lugha haikukunyima chochote. Ukapita maneno yote hayo ukachukua lile.

Nimerudi kwenye magazeti. Mahakama, ukurasa wa pili: wameachana baada ya ndoa ya miaka mingi. Jarida la wanawake, safu ya ushauri: "Je, tuachane?" Hadithi ya mfululizo, picha ya mwanamke ameshika shavu: na hivyo ndivyo walivyoachana. Nina kadi za kutosha kujengea nguzo ya nne.

Na kwa nini kambi "imepoa"? Alikuwa jiko?

Jana Shangazi aliniona nimevimba uso akauliza kulikoni. Nikamwambia, bila kumtaja mtu. Hakusema pole. Alisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao," akaendelea kukunja nguo. Kisha akashtuka, "Kumbe nilipaswa kumwambia yeye, siyo wewe." Basi nakufikishia salamu zake: usiuache mkeka wako mkuukuu kwa sababu ya mkeka mzuri unaopita na mtu. Hata methali imetumia kitenzi changu. Hakuna mahali pa kujificha.

Nataka kujua ni mtu wa namna gani. Nataka kujua alikuwa anacheka nini. Sijamruhusu Shangazi kwenda kwa mchapaji.

Kadi


Kambi ya Daraja
9 Machi

Kadi,

Kwa kweli nilidhani barua ile imetoka mahakamani. Nimetafuta muhuri.

Mimi nashika neno kama ninavyoshika koleo: lililo karibu ndilo ninalolichukua. Watu wawili walikuwa pamoja, mmoja kaenda huku, mwingine kule, wameachana. Nimewauliza wenzangu hapa, wote wamesema ni sawa. Mpishi amesema hata yeye na lori huachana kila Ijumaa.

Mchora Ramani ni mtu mfupi, anavaa kofia ya majani, anapenda kuiga sauti ya Mhandisi. Alikuwa anacheka kila kitu. Sina zaidi la kukuambia, na nikisema zaidi utalipima kwa rula.

Lakini kwa kuwa tumefungua mahakama, nami nina kesi. Tangu uingie chumba hicho cha magazeti, anayekupendeza zaidi ni Mpweke wa Stesheni. Mpweke kasema hivi, nani anaandika hivi siku hizi. Mimi nakuandikia nikiwa na zege kwenye kucha, na sioni barua yangu ikinakiliwa popote. Mtu huyo huenda alikufa kabla hatujazaliwa, na bado ameweza kukaa katikati yetu na miguu ameinyoosha. Wenzangu wananicheka. Wanasema, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Inaniwasha, ndivyo ilivyo.

Basi nimeonja, na ni chungu. Tuachane na habari hii. Mwambie Shangazi aende kwa mchapaji.

Fundi


Ofisi ya Kamusi
15 Machi

Kwa Mchora Ramani,
Ofisi ya Upimaji

Dada,

Natumaini hujambo. Hunijui. Ninafanya kazi katika ofisi inayotunga kamusi, na kwa sasa ninakusanya mifano ya matumizi ya kitenzi "acha" na vinyambuo vyake. Mifano yetu mingi inatoka katika magazeti na majarida ya zamani, lakini imeonekana vyema kuilinganisha na matumizi ya watu walio hai.

Nimepata habari kwamba mwezi uliopita uliondoka Kambi ya Daraja kupitia kivukoni, ukisindikizwa na Fundi. Ningeshukuru kama ungeniandikia, kwa maneno yako mwenyewe na bila kupamba, ni kitenzi gani ungekitumia kueleza jinsi wewe na yeye mlivyotengana mahali pale.

Majibu yote yatawekwa siri.

Wako katika kazi,
Mkusanyaji wa Mifano


Ofisi ya Mhariri
22 Machi

Kwa Mkusanyaji wa "acha",

Nimepitia kadi zako. Mwandiko ni mzuri. Mengine nitayasema kwa ufupi.

Ukizisoma kadi zako za "achana" mfululizo utadhani nchi nzima ilikuwa foleni mahakamani ikidai talaka. Nilishangaa, maana mimi niliyasoma magazeti hayo yakiwa mapya, na nakumbuka watu wakiachana kila mahali kwa amani. Nikaangalia kapu lako la taka. Humo nimeokota wasafiri walioachana njia panda wakaelekea kila mmoja kwake, wanafunzi walioachana langoni mwa shule, na barua ya huyo Mpweke wa Stesheni, ambaye nasikia unampenda, isemayo: "Tuliachana na rafiki yangu treni ilipoanza kwenda, tukapungiana leso mpaka moshi ukatufunika." Ulikwisha kuinakili vizuri. Kisha ukaikunjakunja.

Zaidi ya hayo, umeiweka maana ya talaka kuwa ya kwanza. Ya kwanza ni kuondoka mahali na kitu kikabaki. Hilo ndilo shina. Mengine yote ni matawi: kukoma kufanya jambo, kuruhusu, kuachia warithi, kuvunja ndoa, na ile ya kuruka kitu makusudi, kama mtu anaposoma na kuacha mstari.

Msomaji wa magazeti haruhusiwi kuacha mfano kwa sababu haumpendezi. Neno si mume wa mtu.

Kadi zote zirudi mezani kwangu kabla ya katikati ya mwezi ujao. Zilizokunjwa zipigwe pasi.

Mhariri


Ofisi ya Upimaji
30 Machi

Dada Kadi,

Kamusi haiwaandikii wachora ramani. Nimekujua kwa mwandiko. Nimeuona mara nyingi kwenye bahasha, lori likija.

Nilitaka nisijibu. Kisha nikasema, ameuliza kwa adabu, hata kama adabu yenyewe imevaa joho la kuazima. Nami kazi yangu ni kupima na kuandika kilichopo, mto upite ulipopita, siyo ninapotaka upite. Kwa hiyo nitakujibu kama ulivyouliza, bila kupamba.

Hatukuachana. Hatukuwa tumeshikana. Hakuna siku aliyoniambia neno ambalo asingeweza kulisema mbele yako. Hilo lichukue, ni lako.

Lakini uliuliza kitenzi changu mimi. Changu ni "nilimwacha".

Kazi ya kingo haikuwa imekwisha. Niliomba kuhamishwa. Mwenzangu ndiye anaimalizia sasa, na yeye hajui kwa nini, wala Mhandisi hajui. Jioni Fundi alikuwa akitusomea barua zako, zile sehemu za magazeti tu, na akifika kwenye mambo yenu alinyamaza, akasoma kimoyomoyo, kisha akaikunja karatasi. Wengine walikuwa wanangoja tangazo jingine la sabuni. Mimi nilikuwa natazama anavyokunja. Anakunja kwanza katikati, anapitisha ukucha, halafu anafungua tena kidogo kuangalia kama kuna neno limebaki. Nilicheka sana katika kambi ile, Dada. Mtu akicheka sana hakuna anayemuuliza kwa nini amenyamaza.

Siku ya kivuko alibeba masanduku yote, akaniambia nisisahau kofia. Pantoni ilipong'oa nanga sikupunga mkono. Nilijifanya nahesabu vyombo vyangu.

Nilikuonea wivu kabla wewe hujanionea, na wangu haukuwa na mtu wa kumwandikia. Sasa umeupata. Uweke kwenye kamusi ukipenda. Nakuomba tu usiupeleke mtoni.

Mchora Ramani


Kambi ya Daraja
5 Aprili

Kadi,

Lori limekuja, limekuja tena, na mpishi sasa ananionea huruma. Ananipa bahasha tupu za karani ili nami nionekane nina kitu mkononi. Umeniadhibu kwa kunyamaza, na adhabu imefika.

Nimekuwa na muda wa kufikiri kuhusu koleo. Nilikuandikia kwamba nachukua neno lililo karibu. Ni kweli. Lakini nimejiuliza kwa nini lile ndilo lililokuwa karibu. "Tuliagana" lilikuwepo. "Nilimsindikiza" nilikuwa nimekwisha kuliandika mstari wa juu, ningeliishia hapo.

Sikia basi. Niliposimama pale kivukoni sikuondoka. Nilisimama mpaka pantoni ikafika ng'ambo, nikamwona akishuka, mdogo kama kidole. Na njiani kurudi nilijihisi nimepungua. Sikuwahi kumgusa, sikuwahi kumwambia neno, na sikuwahi kukusahau hata siku moja. Lakini kitu kilikuwa kimekatika, na kitu hakikatiki kama hakikuwa kimeunganishwa. Nilikaa kuandika barua yako siku ya pili yake na mkono ukachagua wenyewe. Wewe ukalikuta neno pale, kwa kidole, kama unavyokuta kila kitu. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa karibu mno na ukweli.

Yeye hakuwa na habari yoyote. Huyo alikuwa wa kucheka tu, akicheka na mimi, akicheka na mpishi, akicheka na mbuzi wa watu. Kazi yake ilipokwisha akaondoka bila hata kupunga mkono. Alikuwa anahesabu vyombo vyake. Hilo ndilo lililonisaidia. Mlango ambao haukufunguka haumsumbui mpita njia. Kama angekuwa na neno kwangu, sijui, Kadi. Nakuambia kweli kwa kuwa umenidai kweli: sijui. Namshukuru Mungu hakuwa nalo.

Sasa limepita. Nakutaka wewe, na vumbi lako la kahawia, na Shangazi wako, na hata Mpweke akipenda aje, atakaa nyuma. Ukisema basi, nitaelewa. Ukisema njoo, lori la mwisho wa mwezi wa tano lina nafasi mbele.

Majina ya watu wa kambini nilimtumia Shangazi zamani, kabla hatujaanza kugombana. Umeyaona?

Fundi


Chumba cha Magazeti
12 Aprili

Kwa Mheshimiwa Mhariri,

Shikamoo.

Nimerudisha kadi zote za "acha", na zile za kapuni nimezipiga pasi. Moja imeungua kidogo pembeni lakini inasomeka. Maana nimezipanga upya kama ulivyoagiza, kuanzia kuondoka mahali na kitu kikabaki. Talaka sasa ni ya tano. Chini ya "achana" nimeweka maana mbili: ya kwanza, kutengana baada ya kuwa pamoja, ya pili, kuvunja mapenzi au ndoa. Nilijaribu kuandika mstari wa kueleza ile ya kwanza inaishia wapi na ya pili inaanzia wapi. Nimeshindwa. Nimeacha nafasi, labda wewe utaweza.

Umesema msomaji haruhusiwi kuacha mfano kwa sababu haumpendezi. Nathibitisha kwamba sijaacha mfano wowote uliochapishwa.

Mkusanyaji


Nyumbani kwa Shangazi
14 Aprili

Fundi wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Nililia, kisha nikakasirika kwamba nililia, kisha nikaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Shangazi alikaa mlangoni akanitazama. Akauliza, "Amekuacha?" Nikasema hapana. "Umemwacha?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi hiyo sufuria imekukosea nini?"

Siwezi kukuambia haikuniuma. Nilitaka uniambie nimekosea, niombe radhi, yaishe. Badala yake umeniambia nilisoma sawasawa. Hakuna anayetaka kusoma sawasawa namna hiyo. Bado inaniuma ninapokuandikia, hapa, chini ya mbavu, na nadhani itaniuma nikiwa mzee nimekaa na wewe kwenye baraza na mtu akapita na kofia ya majani.

Lakini umenidai kitu kimoja na ni haki yako. Mpweke wa Stesheni nimemrudisha kwa Nukta, pamoja na leso yake na moshi wake. Nimegundua kwamba hakuna anayemwonea wivu mtu wa gazeti isipokuwa anapenda. Hilo nimeliweka mahali pangu, siyo kwenye kadi.

Kuhusu Mchora Ramani, unasema hakuwa na habari. Wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo. Nalichukua neno lako kama lilivyo.

Nondo zenu zilizoanguka mtoni zinanirudia akilini. Mtu anapaza sauti "Acha!" na wote wamelisikia neno moja. Wewe uliacha kuvuta. Mimi karibu niiachie kamba. Sijaiachia. Mikono imechubuka lakini ninayo.

Shangazi amekwenda kwa mchapaji leo asubuhi amevaa viatu vya kutokea, kama anakwenda kuposa yeye.

Lile tangazo la sabuni, nilikuambia leo tungesema usikose. Nimebadili mawazo. Usikose ni neno la mtu anayetoa onyo. Wale wa zamani walikuwa na lao, na nimelikopa kwao:

Usiache kuja.

Wako,
Kadi


Nyumbani kwa Shangazi
2 Mei

Dada Mchora Ramani,

Samahani kwa joho la kuazima. Hii nakuandikia bila joho.

Mfano wako niliupata. Niliunakili kwenye kadi, kwa sababu mkono wangu hauwezi kuona sentensi ya namna ile ukaipita: siku, mahali, neno, maana. Sikuipeleka kwa Mhariri. Uliomba nisiipeleke mtoni, na sikuipeleka. Usinishukuru. Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa heshima yako, na kwa sehemu ni kweli. Sehemu iliyobaki unaijua. Ulikuwa nayo kabla yangu.

Aliniandikia. Alieleza mambo yake yote ya kivukoni, na akasema kuhusu wewe jambo moja ambalo si kweli. Ningeweza kulisahihisha kwa mstari mmoja. Katika kazi yangu kuna maana ya sita ya kitenzi kile: kuruka mstari makusudi. Mhariri hana mifano mingi ya maana hiyo. Mimi ninao mmoja.

Kadi za mwaliko zimetoka kwa mchapaji jana, nyeupe, zenye maua pembeni ambayo sikuyachagua. Shangazi aliziandika majina mwenyewe akifuata karatasi aliyotumiwa kutoka kambini mwezi wa pili. Anaandika kwa herufi kubwa za mviringo na hamjui mtu yeyote, kwa hiyo hakusita popote. Jina lako limo. Amelipamba kuliko mengine, kwa sababu anasema ni la mwanamke pekee katika kambi nzima ya wanaume, na mtu kama huyo lazima apewe kiti cha mbele.

Nyingine zote nimezipeleka posta. Yako nimeishika tangu asubuhi. Kuituma nimeshindwa, kuichana nimeshindwa.

Iko hapa mezani, jina likitazama juu. Nimeiacha.

Kadi